Pinboli ya darasani: imekubali nusu, mafundi naomba msaada

Mwl Kibatari (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari ya kata. Shule siitaji kwa sababu mkuu wangu naye yumo humu, na kuna vitu viwili vitatu vimeungua ambavyo bado sijamweleza.

Kwa asiyeijua pinboli: ni meza iliyoinama kidogo. Gololi ya chuma inarushwa kwa springi mpaka juu, halafu inateremka ikigongana na vigingi na bampa (vizuizi vya mpira vinavyoirusha), kila inapogonga unahesabiwa alama. Chini kuna vibawa viwili, kimoja cha mkono wa kulia na kimoja cha kushoto. Kazi yako ni kubonyeza kwa wakati ili kibawa kiipige irudi juu. Ikipita katikati, imekwenda na maji.

Nina wanafunzi kumi na moja wa kidato cha tatu, tunakutana Jumatano na Ijumaa baada ya vipindi. Meza ni plaiwudi ya sentimita 90 kwa 45. Fundi seremala wa jirani alitukatia, malipo yake tukamtengenezea redio. Vigingi ni misumari iliyovishwa vipande vya tyubu ya baiskeli, bila mpira gololi ikigonga inakufa palepale. Gololi imetoka kwenye beringi ya lori: kipenyo milimita 20, mzani wa maabara unasema gramu 33. Za kiwandani ni milimita 27 na gramu 80, kwa hiyo yetu ni mtoto mbele yao. Springi ya kurushia ni ya stendi ya pikipiki. Ubongo ni Arduino Uno, kompyuta ndogo ya bodi moja unayoiandikia programu, ile ya kopi.

Kabla hatujagusa waya wowote nilipata kipindi ambacho sijakipata mwaka mzima. Mashine za kiwandani huinamishwa kama digrii 6 na nusu. Vijana wakapiga hesabu: 90 mara sine ya 6.5, inua upande wa juu sentimita 10. Tukainua. Nikawaambia watabiri gololi itatumia muda gani kuteremka ubao mzima. Wakachukua kanuni ya kitu kinachoteleza, wakapata sekunde 1.27, wote kumi na moja, kwa raha kabisa. Tukarekodi kwa simu fremu 30 kwa sekunde, tukahesabu fremu moja moja: 47. Yaani karibu sekunde 1.57.

Wa kwanza akasema "msuguano huo mwalimu". Binti mmoja aliye kimya siku zote akauliza: msuguano gani unaokula muda wote huo, na gololi tumeipaka mafuta? Ikabidi nikae chini. Gololi haitelezi, inabingirika. Sehemu ya nishati inakwenda kuizungusha, na kwa tufe lililojaa mchapuko unabaki tano ya saba ya ule wa kuteleza. Rudia hesabu, inatoka sekunde 1.5. Kile kidogo kilichobaki ndicho msuguano. Haimo kwenye silabasi yao, lakini hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Sasa umeme, ndipo nilipokwama.

Vibawa tulijaribu kwanza kwa mota za loki za milango ya gari, zile za volti 12, gereji zimejaa. Zina nguvu ila zimejaa gia ndani, nzito kuamka. Gololi inapita, kibawa kinainuka kuipungia mkono. Tukaagiza solenoidi mbili za volti 12, yaani koili inayovuta chuma ukiipa umeme. Hizo ndizo zenyewe, zinapiga kama kofi. Nimepima koili kwa mita: omu 4 kila moja. Zinawashwa na mosfeti (swichi ya kielektroniki), Arduino inatoa amri tu.

Matatizo mawili:

La kwanza, ukibonyeza vibawa vyote viwili kwa pamoja Arduino inazimika na kuwaka upya. Alama zinarudi sifuri. Na mtu anabonyeza vyote viwili pale mchezo unaponoga, kwa hiyo unapoteza alama ukiwa nazo nyingi tu.

La pili, zile swichi za mezani za kuhesabia alama, nyingine hazihesabu. Gololi inapita juu yake naiona kwa macho, alama haipandi. Mara nyingine inapita mara moja inahesabu saba.

Adapta ni volti 12, ampea 2. Mosfeti ni IRFZ44N. Karibuni.

---

Chapati Mbili

Mwalimu sisi kidato cha tatu tulikuwa tunachora mzunguko wa balbu na swichi ubaoni, na balbu yenyewe hatukuiona mpaka tunamaliza. Nimeumia.

---

FundiMita

Mwalimu shikamoo. Jibu la kwanza umeliandika mwenyewe bila kujua. Volti 12 gawa kwa omu 4 ni ampea 3. Koili mbili ni ampea 6. Adapta yako ni ya ampea 2. Ukibonyeza zote volti inaporomoka, Arduino inakosa pumzi, inaanza upya. Hata koili moja ulikuwa unaidhulumu hiyo adapta.

Tafuta pawasaplai ya kompyuta ya mezani iliyokufa. Kila ofisi ina stoo ya hizo. Waya wa njano ni volti 12, mweusi ni grandi (upande wa hasi). Ile plagi kubwa ya waya nyingi ina waya mmoja wa kijani: uguse na mweusi, feni itaanza kuzunguka, tayari umeme upo. Nyingi zinatoa zaidi ya ampea 10 kwenye njano. USIIFUNGUE mbele ya watoto. Ndani kuna kapasita zinazoshika umeme wa ukutani hata baada ya kuchomoa.

Arduino ilishe pembeni, kwa chaja ya simu ya kawaida kupitia USB. Grandi zote mbili ziunganishe, lakini mahali pamoja tu, pale kwenye pawasaplai. Usipitishe mkondo wa koili kwenye grandi ya Arduino, utakuja kulia humu tena.

Mosfeti: hiyo IRFZ44N inataka karibu volti 10 kwenye geti (mguu wake wa kupokea amri) ndipo ifunguke vizuri. Arduino inatoa 5. Inafunguka nusu, inachemka, na koili inapata nguvu pungufu. Tafuta IRLZ44N. Herufi moja tu, F na L, lakini L imetengenezwa kwa volti 5. Weka na rizista ya 10k kutoka geti kwenda grandi, isije ikajiwasha yenyewe Arduino inapoamka.

Dayodi mmeweka?

---

Mwl Kibatari

Marahaba fundi. Dayodi... tuliweka baada ya mosfeti mbili za kwanza kufa.

---

FundiMita

Hahaha. Kila mtu analipa hiyo ada.

Kwa wanaosoma kimya kimya: koili ikikatiwa umeme ghafla haikubali. Inautema ule umeme kinyumenyume kwa volti nyingi sana, na anayeupokea ni mosfeti. Dayodi inafungwa sambamba na koili, ule mstari mweupe ukiangalia upande wa volti 12, inaupa njia ya kuzunguka mpaka uishe. 1N4007 itafanya kazi, ila kwa koili za ampea 3 mimi ningeweka 1N5408.

---

Mdau wa Maadili

Samahani nitakuwa tofauti kidogo na wenzangu. Hili mnaloliita pinboli si ndilo dubwi kwa jina la kisomi? Mtaani kwetu vijana wameuza mpaka magodoro kwa ajili ya madubwi. Leo mwalimu, anayelipwa kwa kodi zetu, anawafundisha kuyaunda. Serikali ipo?

---

Kijiwe Nongwa

Nilijua tu atatokea.

---

Mwl Kibatari

Ndugu yangu wala si kejeli, mzazi mmoja amekuja shuleni na swali hilohilo, tena akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa. Nikamwita aje acheze.

Dubwi unatumbukiza sarafu, linaamua lenyewe. Huna unalofanya. Pinboli zamani nayo ilikuwa hivyo kweli. Ilitokana na bagateli ya Ufaransa, karne ya 18, mchezo wa kusukuma gololi kati ya vigingi. Springi ya kurushia ilipewa hataza Marekani mwaka 1871, mwenye nayo alikuwa Montague Redgrave. Mpaka miaka ya 1930 ulikuwa unarusha gololi na kusubiri iangukie wapi. Watu wakawekeana fedha. Ndiyo maana jiji la New York liliipiga marufuku mwaka 1942, na meya Fiorello La Guardia akapigwa picha akizivunja mashine kwa nyundo. Kwa hiyo wewe na yule meya mngeelewana vizuri.

Vibawa vya umeme vilikuja mwaka 1947, kwenye mashine ya kampuni ya Gottlieb iitwayo Humpty Dumpty. Kuanzia hapo mkono wako una kauli. Marufuku ya New York iliondolewa mwaka 1976, baada ya kijana aitwaye Roger Sharpe kucheza mbele ya madiwani, akiwaonyesha kwanza gololi itapita wapi, halafu ikapita.

Mzazi wangu alicheza nusu saa. Alama 2,400. Aliondoka akilalamika kibawa cha kushoto ni kizito, na kweli kilikuwa kizito.

---

Mdau wa Maadili

Mkiweka mahali pa kutumbukiza sarafu nitarudi.

---

Mwana wa Likoni

Mwalimu hongera sana kutoka Mombasa. Hilo swali lako la pili nadhani ni programu wala si waya. Hebu niambie, kuna mahali umeandika delay, ile amri ya kusubiri?

---

Mwl Kibatari

Ipo. Akigonga bampa kuna mlio wa sekunde nusu, na taa inawaka. Nimeweka delay ya 500 hapo.

---

Mwana wa Likoni

Basi mwizi umemkamata. Hiyo delay ni askari wa getini aliyelala. Kwa nusu sekunde Arduino haiangalii kitu chochote, wala swichi wala vibawa. Piga hesabu: gololi ikienda mita 1.5 kwa sekunde, na swichi yako ina kijiti kinachobonyezwa kwa sentimita moja na nusu hivi, gololi imekaa juu yake sekunde moja gawa kwa mia. Askari wako amelala muda wa magari hamsini kupita.

Toa delay zote. Zote, usibakishe hata moja ya huruma. Tumia millis, saa ya ndani ya Arduino inayohesabu milisekunde: andika saa taa ilipowaka, kila ukizunguka uliza "zimepita 500?". Ikiwa bado, endelea na kazi nyingine. Mzunguko mzima wa programu utaisha mara nyingi sana ndani ya milisekunde chache na hakuna gololi itakayokupita.

Ile ya kuhesabu saba ni kinyume chake. Swichi ikifunga, vile vibati vyake vinadundadunda kabla ya kutulia, na Arduino ina macho makali inahesabu kila mdundo. Ukishahesabu wa kwanza, ipuuze swichi hiyo kwa milisekunde 50. Lakini iwe saa ya kila swichi peke yake, usizifungie zote.

---

Binti Shangazi

Mimi si fundi ila nimeelewa mpaka askari wa getini. Mwana wa Likoni ungefundisha.

---

Mwana wa Likoni

Nilifundisha dada, miaka sita. Ndiyo maana nimekuwa na subira.

---

Mbeba Boksi

Salaam kutoka Chicago, mji ambao Gottlieb, Bally na Williams wote walizitengenezea hizi mashine. Kuna duka la kufulia nguo hapa mtaani lina pinboli ya zamani, nimeacha hela zangu nyingi humo nikisubiri mashuka yakauke.

Swali la mwalimu: vijana wanatikisa meza? Maana hapa ukitikisa sana inaandika TILT, vibawa vinakufa, gololi inapotea.

---

Mwl Kibatari

Kutikisa? Wanaiinua kabisa. Kuna mmoja anaikumbatia.

---

FundiMita

Dawa yake ni timazi. Kamba ya waya, chini yake nati nzito, ining'inie katikati ya pete ya chuma bila kugusa. Meza ikitikiswa, timazi linagusa pete, mzunguko unafungwa, Arduino inapata habari. Hizo za kiwandani nazo zina timazi hilohilo, hakuna maajabu. Pete ikiwa pana unavumilia, ikiwa nyembamba unakuwa mkali.

---

Mwl Kibatari (siku tisa baadaye)

Wakuu, mrejesho.

Pawasaplai tumepata bure kwenye kompyuta iliyokuwa inashikilia mlango wa stoo usifunge. Mlango sasa tumeuwekea tofali. Njano, nyeusi, kijani na nyeusi, feni ikazunguka, vijana wakashangilia kama bao la dakika ya tisini. Tumeongeza fyuzi ya ampea 10 kwenye njano kwa sababu sitaki kuandika barua kwa mkuu. IRLZ44N nimezipata Kariakoo, duka la tatu. Mawili ya kwanza walinipa zenye F wakaniapia ni kitu kilekile. Someni maandishi yaliyoko juu ya kifaa wenyewe, kwa tochi ya simu.

Tatizo jipya lilijitokeza, nalieleza kwa faida ya wengine. Volti zilipokaa sawa koili zikawa zinapata wati 36 kamili. Ukishikilia kitufe, kibawa kimeinuka, koili inakula wati 36 muda wote kwa kazi ya kusimama tu. Kijana mmoja alishikilia ili aitulize gololi akijipanga. Baada ya kama dakika tukasikia harufu ya plastiki. Koili ilikuwa haishikiki kwa mkono.

Za kiwandani, nimejifunza, zina koili mbili katika moja: nene ya kupiga na nyembamba ya kushikilia, na swichi ndogo mwisho wa safari ya kibawa inayoizima ile nene. Sisi hatuna, tumefanya kwa programu. Kitufe kikibonyezwa, nguvu yote kwa milisekunde 40, halafu tunashuka mpaka asilimia 20 kwa kuwasha na kuzima harakaharaka, miguu namba 9 na 10. Kibawa kinabaki juu, koili inakuwa vuguvugu tu. Ila inaimba. Arduino kwenye miguu hiyo inawasha na kuzima mara 490 kwa sekunde, na masikio yanasikia. Mwalimu wa Kiswahili, aliye darasa la jirani, ameuliza kama tunafuga nyuki.

Delay zote nimetoa. Zilikuwa kumi na nne! Yule binti wa msuguano ndiye aliyeandika upya sehemu ya swichi, kila swichi na saa yake. Nilimpa ukurasa wa Mwana wa Likoni asome, akarudi akaniambia "mwalimu, huyu askari inabidi azunguke, asisimame getini". Sasa nampa kazi na sirudii kukagua.

Timazi lipo. Pete tumekata kwenye kopo la maziwa. Siku ya kwanza tuliiweka nyembamba mno, mtu akipiga chafya mchezo umekwisha. Tumeipanua.

Kilichobaki kinaniudhi ni bampa. Nyingine ziko hai, nyingine zimepoa, na ni tyubu ileile.

---

Kijiwe Nongwa

Tyubu ikikazwa sana hairushi, ikilegea sana inameza. Ivute kidogo tu ipite kati ya misumari miwili, gololi iguse mpira wenyewe hapo katikati, isiguse msumari. Najua kwa manati, siyo kwa elimu.

---

Mwl Kibatari

Manati! Tumejaribu leo, umesema kweli. Vijana wamekupa jina la Profesa.

---

Chapati Mbili

Mwalimu gharama yote mpaka sasa? Nina mdogo wangu mwalimu Sumbawanga ananisumbua.

---

Mwl Kibatari

Kilichouma ni Arduino na solenoidi. Mosfeti, dayodi na rizista ni hela ya chai. Skrini ya alama ni ile ndogo ya mistari miwili, tuliitoa kwenye mradi wa mwaka jana. Mbao, misumari, tyubu, beringi, kopo na pawasaplai hatukulipa kitu. Mwambie anunue mosfeti kumi, siyo mbili. Na aanze na kibawa kimoja, kikubali kabisa, ndipo afunge cha pili. Sisi tulifunga vyote siku moja na hatukujua kipi kinamuua mwenzake.

---

Mwl Kibatari (siku nne tena)

Wakuu nimerudi mbio. Leo mchana kijana mmoja wa kidato cha kwanza, hata si wa klabu, amecheza gololi moja muda mrefu kuliko mtu yeyote. Darasa limejaa mpaka madirishani. Alama 32,500, 32,600, 32,700, akagonga bampa moja zaidi ya alama mia, skrini ikaandika -32,736. Hasi! Kelele zilizotoka hapo zimemleta mkuu wa shule mwenyewe.

Nimeangalia waya zote. Ni nini hiki?

---

Mwana wa Likoni

Hahahaha. Waya ni nzima mwalimu. Alama umezitunza kwenye int, ile aina ya namba nzima ndogo kwenye programu. Kwenye Uno int inaishia 32,767, ukipita hapo inazunguka na kuanzia hasi huko chini. Kijana amejaza ndoo. Badilisha iwe long, aina ya namba kubwa zaidi, itafika zaidi ya bilioni mbili.

---

FundiMita

Na mkuu wa shule alisemaje?

---

Mwl Kibatari

Aliuliza nani anashinda. Nikamwambia ni huyu mwenye hasi elfu thelathini na mbili. Akaniangalia, akamwangalia mtoto, akaomba kucheza.

Nilitaka kubadilisha programu palepale, mtoto akakataa katakata nisiguse mpaka namba yake iandikwe ukutani kama ilivyo, na alama ya kutoa mbele. Imeandikwa kwa chaki, juu ya swichi ya taa. Mkuu ana 900.